Majani ya chai hutiwa mwisho, si mwanzo

Mhariri,

Ukipita madukani hapa Lamu siku hizi, makasha ya chai ya kijani yamepangwa mbele ya macho, na chai yetu ya kawaida imesukumwa nyuma, ubavuni mwa sabuni. Mnunuzi huambiwa kwamba ya kijani ni dawa ya sukari, ya presha na ya kitambi, na kwamba hii nyeusi ni "rangi tu". Naandika kuyapinga maneno hayo kwa sababu yanamtoa mtu macho mahali penye shida yenyewe. Chai inamfaa au inamdhuru mnywaji kutokana na mambo mawili, jiko na saa: majani yalitiwa lini, yalikaa motoni muda gani, na kikombe kiliwekwa kando ya chakula gani. Aina ya jani ni jambo dogo mbele ya hayo.

Kwanza jani lenyewe, maana hapo ndipo uongo unapoanzia. Chai ya kijani, nyeusi, nyeupe na ile ya Kichina iitwayo oolong zote huchumwa kwenye mti mmoja, Camellia sinensis. Mti huo una jamii mbili kubwa, ya China yenye majani madogo na ya Assam yenye majani mapana, na hii ya pili ndiyo iliyotanda katika nyanda za juu za Kenya, ambako chai ilipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Tofauti hufanyika kiwandani. Mchumaji huvunja majani mawili na chipukizi lake. Kwa chai nyeusi, majani hutandazwa yanyauke kwa saa 12 hadi 18, kisha hupitishwa kwenye mitambo ya meno inayoyakata, kuyararua na kuyasokota, mtindo uliobuniwa Assam mwaka 1930. Jani likishapasuka, maji yake hukutana na hewa, na kimeng'enya kilichomo, yaani protini inayochochea mabadiliko, hulibadili rangi kama biringani lililokatwa linavyogeuka kahawia likiachwa ubaoni. Baada ya saa moja au moja na nusu hukaushwa kwa joto hadi unyevu ubaki karibu asilimia 3. Kilo moja ya chai kavu imekula kilo 4 hadi 5 za majani mabichi.

Chai ya kijani ni jani lile lile lililopigwa mvuke au kukaangwa mapema, kimeng'enya kikafa kabla ya kufanya kazi. Nyeupe ni chipukizi changa lililonyaushwa na kukaushwa bila kusokotwa. Oolong hukatizwa katikati ya safari. Kuna pia chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa Kericho mwaka 2011, ambayo jani lake lina rangi za jamii ya anthosiyanini, zile zile zinazopaka ulimi mtu akila zambarau za mtini. Ukiikamulia ndimu maji yake huelekea uwaridi.

Basi ndani ya jani kuna nini? Kuna polifenoli, kemikali za mimea zinazosifiwa kwa afya na ndizo zinazoleta ukakasi. Katika chai ya kijani, nyingi ni za aina ya katekini. Katika nyeusi, sehemu kubwa ya katekini hizo imeungana na kuwa theaflavini na therubijini, ambazo nazo ni polifenoli. Hazikuchomwa wala kupotea, zimegeuka umbo. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti wa Uingereza uliowafuatilia watu karibu 500,000 kwa takriban miaka 11, wengi wao wanywaji wa chai nyeusi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 9 hadi 13 kuliko wasiokunywa. Utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowakinga. Hata hivyo, mtu akisema chai nyeusi ni rangi tupu, namba hizo zinamkataa. Chai ya kijani nayo inajulikana kushusha kidogo lehemu mbaya katika damu. Kidogo. Haiponyi kisukari, na mgonjwa asiache vidonge vyake kwa ajili ya kasha la majani.

Sasa tuje jikoni. Chai nyingi za Pwani hupikwa hivi: sufuria huwekwa maji, maziwa, sukari, tangawizi na majani kwa mpigo mmoja, halafu huachwa ikipanda na kushuka kwa dakika 20, wakati mwingine nusu saa, hadi ipate rangi ya matofali. Hapo ndipo faida inapopotea na madhara yanapoingia. Harufu ya chai hutangulia kutoka, na hutoka na mvuke. Kafeini nyingi hutoka ndani ya dakika 5 za kwanza. Kinachoendelea kutoka baada ya hapo ni ukakasi, na ukakasi hauna mwisho mpaka jani liishe. Mpishi akionja na kukuta chai inakaza ulimi, huongeza maziwa. Haijatulia, huongeza sukari. Vijiko vitatu vya sukari tunavyovilaumu hospitalini vimeitwa na yale majani yaliyotiwa mapema sufuriani. Ukimwambia mtu apunguze sukari bila kumfundisha kupika, umempa kikombe asichoweza kukimeza, na kesho yake atarudi alikotoka.

Ukakasi huo Waamu wameujua zamani. Chai ya rangi tunaiita mkandaa, kwa kuifananisha na maji mekundu ya ganda la mkoko. Mfano huo umelenga ndani zaidi ya rangi. Ganda la mkoko limejaa tanini, ndiyo maana lilitumika kutengenezea ngozi: tanini hushikana na protini ya ngozi isioze. Polifenoli za chai zilizokolea hufanya kazi ya namna hiyo kinywani. Hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, na ulimi ukakauka kama wa aliyetafuna bibo lisiloiva. Mkandaa uliopikwa vizuri hauna hisia hiyo. Una wekundu wa kung'aa, ukiuinua kwenye bilauri unaona vidole vyako upande wa pili, na unanyweka kwa kijiko kimoja cha sukari au bila.

Upikaji ni huu. Kwa vikombe 4 vya mililita 200, chukua maji lita 1. Ponda iliki 4 pamoja na maganda yake, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole, karafuu 2, punje 4 za pilipili manga, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa. Tia viungo kwenye maji, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10. Kifuniko ni muhimu: mafuta ya iliki ndiyo yenye harufu na hupaa upesi, na jiko linalonukia mtaa mzima ni sufuria inayopoteza. Viungo ni vigumu na vinahitaji muda. Jani ni laini na halihitaji. Kwa hiyo epua kwanza, kisha tia majani vijiko 3 vya chai vilivyofutwa, yaani gramu 7 hadi 8, funika, hesabu dakika 4, chuja yote. Usiyaache majani ndani ya birika eti yazidi kukolea. Ukitaka chai nzito zaidi, ongeza majani, usiongeze dakika.

Ya maziwa hufuata njia hiyo hiyo, isipokuwa maji huwa nusu lita na majani vijiko 4, na maziwa nusu lita huchemshwa pembeni kisha huchanganywa baada ya kuchuja. Wengi hulalamika maziwa yamekatika wakamlaumu muuza maziwa. Mara nyingine ni kweli, yalikuwa yameanza kuchacha. Lakini mara nyingi kosa ni la tangawizi mbichi. Ina kimeng'enya kiitwacho zingibaini, kinachokata protini ya maziwa, na kinafanya kazi vizuri sana maziwa yakiwa moto bila kuchemka. Watu wa kusini mwa China hutumia tabia hiyo makusudi kugandishia kitamutamu cha maziwa. Tangawizi ikichemka kwanza kwenye maji kwa dakika chache, kimeng'enya hufa na maziwa hubaki salama.

Anayependa ya kijani aipike kama ya kijani. Maji yanayotokota huifanya chungu, na ndiyo sababu watu wengi huijaribu wiki moja wakaiacha kabatini. Inataka maji ya nyuzijoto 75 hadi 82 hivi, kwa dakika 2 au 3. Asiye na kipimajoto achanganye vikombe 3 vya maji yaliyotoka kuchemka na kikombe 1 cha maji ya mtungi, atafika hapo hapo.

Maji nayo yana neno lake. Visima vyetu vimepita katika mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa, kwa hiyo maji yake ni magumu: sabuni haitoi povu upesi, na birika hujenga ukoko mweupe kitakoni. Chai ya maji hayo ikitulia dakika chache hufanya utando juu wenye mng'ao wa mafuta, unaopasuka vipande ukipitisha kijiko na kuganda ukingoni mwa kikombe. Watu hudhani ni sabuni iliyobaki au majani mabovu. Si hivyo. Ni kalisi ya maji imeungana na polifenoli za chai mbele ya hewa. Haudhuru, ila unaficha ladha na kufifisha rangi. Maji ya mvua ya jabia, lile tangi la kuyahifadhia, yakichemshwa, hayana shida hiyo, na ndiyo yanayotoa mkandaa wenye nuru. Asiyenayo atie matone 5 au 6 ya ndimu kwenye kikombe: asidi huzuia utando, na rangi hufunguka kutoka nyeusi hadi wekundu wa dhahabu. Wapo wanaofanya kinyume, wakatia magadi ili majani machache yatoe rangi nzito. Rangi hukolea kweli, lakini magadi huziharibu zile katekini zinazosifiwa, na ladha hubaki chapwa.

Jambo linalonikera zaidi ni la damu. Polifenoli za chai hushikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasipite kuingia mwilini. Chuma cha nyama na samaki huathirika kidogo. Kinachopigwa ni chuma cha mimea: mbaazi, kunde, mchicha, maharagwe, dengu. Chai ikinywewa pamoja na chakula hicho, zaidi ya nusu ya chuma kilichokuwa kiingie mwilini huweza kupotea. Sasa litazame sinia la asubuhi la nyumba nyingi za Lamu na Malindi: mahamri, mbaazi za nazi, na chupa ya chai katikati. Mbaazi zile ni chakula kizuri sana, na kwa nyumba isiyopata nyama kila siku ndizo tegemeo la chuma. Tunaziweka mezani, na mkono wa pili tunamimina kinachozibatilisha.

Dawa yake haina gharama. Mbaazi ziliwe kwa maji, au kwa ndimu iliyokamuliwa juu, au zifuatiwe na chungwa au embe, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kupita. Chai ingoje saa moja. Anayeamka na chai kwanza, na aamke nayo, kisha asubiri saa moja ndipo ale. Kwa mwanamume mwenye afya jambo hili ni dogo. Kwa mama mjamzito, kwa msichana aliyeanza hedhi na kwa mtoto anayekua, ni kubwa. Mjamzito hupewa kliniki vidonge vya damu vyenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki asidi. Wengi huvimeza kwa chai ya asubuhi kwa sababu ndicho kilicho karibu na mkono, na pia chai huondoa kichefuchefu cha kidonge. Wavimeze kwa maji, au kwa maji ya ndimu au ya chungwa, mbali na chai na maziwa pia, kwani kalisi ya maziwa nayo huzuia chuma. Kichefuchefu kikizidi, kidonge kihamie usiku kabla ya kulala, wasikiache. Na mtoto wa chini ya miezi sita hana haja ya kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama. Baada ya hapo, mkate uliochovywa kwenye chai, tunaowalisha watoto wa mwaka mmoja kwa kuwa ni laini, humjaza tumbo, haumpi chuma, na humzuilia kile kidogo alichokula.

Kuhusu sukari nitasema kwa hesabu tu. Kijiko cha chai kilichofutwa hubeba gramu 4. Kilichojaa mlima hubeba zaidi ya hapo. Vijiko 3 mara vikombe 3 ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifike asilimia 10 ya nguvu za chakula chake kwa sukari ya kuongezwa, yaani kama gramu 50, na linasema ni bora zaidi abaki chini ya nusu ya hapo, gramu 25. Mahamri yenyewe hayajahesabiwa, wala kaimati. Anayetaka kupunguza aondoe nusu kijiko kila baada ya siku kumi na azidishe iliki na mdalasini, ambavyo harufu yake huufanya ulimi uhisi utamu usiokuwepo. Mdalasini uchaguliwe. Ule wa Sri Lanka una maganda membamba yaliyojikunja tabaka juu ya tabaka, huvunjika kwa vidole. Kuna mwingine wa ganda moja nene, gumu kama ubao, wenye kemikali nyingi iitwayo kumarini, ambayo kwa mtu anayeutumia kwa wingi kila siku huweza kulidhuru ini. Wa nene hautakuua kwa kijiti kimoja, lakini wanaomeza unga wa mdalasini kwa vijiko kama dawa ya sukari wajue ni upi wameuziwa.

Joto la kikombe nalo lina hukumu yake. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Kosa ni la moto, liwe la chai, kahawa au maji. Wazee wetu waliomimina chai kwenye kisahani wakaipuliza kabla ya kuinywa walikuwa wanafanya hasa kinachotakiwa, na vijana wanaowacheka ndio wanaoungua koo. Kikombe kilichomiminwa kiachwe wazi kama dakika 5.

Chupa ya chai inataka adabu pia: isuuzwe kwa maji yanayochemka kabla ya kutiwa, ijazwe, na chai iwe imeshachujwa. Ya maziwa ikishapoa ikawa vuguvugu imekuwa chakula cha vijidudu; isizidi saa mbili hapo, na kuipasha upya jioni hakurudishi usalama wake wote.

Yapo maji ya majani yanayoitwa chai bila kutokana na mti wa chai. Mchaichai ni mmoja, hauna kafeini na unafaa usiku. Rozela hushusha presha kidogo, na mwenye vidonge vya presha amwambie daktari kwamba anainywa. Mwarubaini haumfai mjamzito wala mtoto mchanga. Lakini ninaloliogopa ni "chai ya kukata tumbo" inayouzwa kwa simu na vibandani. Nyingi ni sanamaki iliyovikwa jina jipya. Sanamaki huharisha, mtu akijipima asubuhi anaona kilo imepungua, kumbe ni maji na kinyesi, mafuta yapo pale pale. Akiendelea wiki kwa wiki hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika. Bidhaa nyingine za kupunguza mwili zimewahi kukutwa nchi za nje zikiwa zimetiwa sibutramini kwa siri, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kudhuru moyo. Kasha lisiloandika viungo vyake lisinunuliwe. Hata vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa vina hatari yake: Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za ile katekini yake kuu zimeonekana kulitibua ini. Kikombe cha chai hakifikishi huko kirahisi. Vidonge hufikisha kwa mkupuo.

Katika kununua, neno "vumbi" lisimtishe mtu. Viwanda vyetu hupanga chembe kwa ukubwa: BP1 ndiyo kubwa, kisha PF1, PD, na D1, yaani hilo vumbi lenyewe, ndiyo ndogo kabisa. D1 ni daraja kamili, inapigiwa bei kwenye mnada wa Mombasa kama wenzake. Si mafagio ya sakafu. Chembe ndogo hutoa rangi upesi na kwa wingi, ndiyo maana mikahawa huipenda. Nyumbani itumie kijiko pungufu na dakika 2 badala ya 4. Wasiwasi wa kweli ni majani yaliyotiwa rangi, au yaliyokwisha kutumika yakakaushwa upya. Nyunyiza kijiko cha majani juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji baridi. Chai halisi huacha alama hafifu polepole; iliyopakwa rangi huchora madoa makali papo hapo.

Na unyevu wa bahari ni adui. Jani kavu hunyonya maji na harufu kama sifongo. Pakiti ikifunguliwa wakati wa masika na kuachwa wazi kando ya papa mkavu au mafuta ya taa, ndani ya siku chache chai itanuka hivyo hivyo. Hamishia kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, kijiko kiwe kikavu, na liwe mbali na jiko. Jani lililo kavu hukatika likifinywa. Likijikunja bila kukatika limeshaingia unyevu, na likiwa na harufu ya ukungu litupwe, kuchemsha hakulisafishi.

Mwisho ni usingizi. Kikombe cha mkandaa kina kama miligramu 40 za kafeini, na nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Chai ya barazani ya saa mbili usiku ina nusu yake inayofanya kazi saa saba usiku. Kwa mjamzito huchelewa zaidi kutoka, na Shirika la Afya Duniani linamtaka anayezidi miligramu 300 kwa siku apunguze. Kahawa chungu nayo ihesabiwe humo. Kichwa kinachowauma watu siku tatu za kwanza za Ramadhani mara nyingi si njaa, ni kafeini iliyokatwa ghafla. Anayekunywa vikombe 5 aanze katikati ya Shaaban, apunguze kimoja kila baada ya siku tatu, na vile vya mchana avitangulize kuviondoa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kurasa za mapishi za magazeti yetu, zikiandika chai, huorodhesha maji, maziwa, sukari, viungo na majani kisha husema "chemsha pamoja". Ziandike majani yatiwe lini na yakae dakika ngapi. Na kurasa za afya, zikiwaandikia wajawazito kuhusu vidonge vya damu, ziongeze maneno matatu: usimeze na chai.

Mpishi wa chai,
Langoni, Lamu